Mama Amelala

Mama yetu alifariki usiku wa kuamkia Jumamosi, mwezi wa Novemba mwaka 2019, nyumbani kwake milimani Lushoto. Alikuwa ameugua kwa muda wa wiki tatu. Sikusudii kukuchosha, mpenzi msomaji, kwa habari za ugonjwa wake, maana kila mmoja wetu anazo za kwake. Nataka nikusimulie habari ya neno moja tu nililoliandika asubuhi ile, na jinsi neno hilo lilivyokaribia kuivunja familia yetu.

Saa kumi na moja alfajiri, akina mama wa jumuiya walipokwisha kumwosha na kumvalisha, niliketi kwenye ngazi ya mlango wa jikoni nikashika simu. Kaka yangu anaishi Ujerumani, katika mji wa Bielefeld, kwa zaidi ya miaka ishirini sasa. Mji huo si mgeni masikioni mwa Walutheri wa Usambara, kwa kuwa hapo ndipo ilipo Betheli, makao ya misheni iliyowahubiria babu zetu. Nilimpigia kaka mara nne, simu haikupatikana. Alikuwa zamu ya usiku kiwandani, na huko simu huachwa kabatini.

Namba ya mke wake nilikuwa nayo. Lakini, niseme kweli, niliona haya kumpigia. Kijerumani sikijui, Kiingereza changu ni cha kuombea maji, na Kiswahili cha wifi yangu wakati ule kilikuwa "karibu" na "asante". Basi nikafanya kama wafanyavyo wengi siku hizi. Niliingia kwenye mtandao wa kijamii ambao ndugu zetu karibu wote wamo, nikaweka picha ya Mama akiwa na kitenge chake cha umoja wa wanawake, nikaandika: "Mama yetu mpendwa amelala usiku wa kuamkia leo. Tunamshukuru Mungu. Amepumzika."

Kwa aliyekulia kanisani kama mimi, maneno hayo hayahitaji maelezo. Kusema "amekufa" juu ya mama mzazi ni kuzito, na hata "amefariki" kwangu husikika kama tangazo la redioni. Sisi husema amelala.

Jua lilipochomoza rambirambi zilikuwa zimejaa. Kisha ikaja ya wifi. Aliandika kwa Kijerumani, lakini mtandao ulikuwa umekwisha kunigeuzia maneno yake kwa Kiswahili kabla sijayaona. Palikuwa na moyo mwekundu, uso unaotabasamu, na maneno haya: "Nzuri sana! Anahitaji kupumzika. Msalimie akiamka."

Nilisoma mara tatu. Mtoto wa jirani alikuwa nyuma yangu naye akasoma, tena kwa sauti. Shangazi yetu aliyekuwa akichambua mchele akamwambia arudie. Baada ya hapo simu ilipita mikono kwa mikono chini ya turubai, na sikuwa tena na uwezo wa kuizuia.

"Anatucheka huyu," alisema shangazi.

Kufikia mchana maneno yalikuwa yameota miguu. Waliokuwa wanapanda kutoka Soni kuja msibani walikuwa wamekwisha kusikia kwamba mke wa Kizungu amefurahi, kwamba amesema bora kikongwe apumzike. Jumanne kaka alifika, peke yake. Watoto walikuwa shuleni na nauli ya watu wanne si mchezo, lakini waombolezaji waliona jambo moja tu: mkamwana hakuja. Hakuna aliyemwambia kaka kilichosemwa. Ni nani angemwambia mwanamume anayemzika mama yake kwamba mke wake amemcheka marehemu?

Wifi aliyafuta maneno yale jioni ileile. Tulichukua hilo kuwa ushahidi wa hatia. Alinipigia simu mara mbili katika wiki ya matanga; niliitazama ikilia. Kabla ya Krismasi ilifika kadi ya rambirambi yenye ukingo mweusi, imeandikwa kwa mkono wake. Niliitia kwenye mtoto wa meza pamoja na risiti za jeneza, na sikujibu. Mimi ni mama wa watoto watatu, na ninafundisha watoto wa shule ya Jumapili habari za kusamehe. Nilifanya hivyo hata hivyo.

Ukimya huo uliendelea mpaka Pasaka ya mwaka 2020. Wajerumani walikuwa wamefungiwa ndani kwa ajili ya korona, na makanisa yao yalikuwa yamefungwa. Kaka alinipigia simu ya picha siku ya Jumapili. Baada ya salamu akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Dada, mke wangu amekukosea nini?"

Nilimwambia yote. Nilikuwa nimeyaweka tayari kwa miezi mitano, hivyo yalitoka bila kituo. Nilipomaliza hakunijibu, aliita jikoni. Wifi akaja, akasikiliza, akaondoka, akarudi na simu yake akaielekeza kwenye kioo ili nione. Siku ile ya msiba, mumewe aliporudi kutoka kazini na kupokea simu yetu, alikuwa ameipiga picha skrini yake ili amwonyeshe mumewe kwa nini aliandika vile. Picha bado alikuwa nayo.

Maneno yangu ya Kiswahili hayakuwamo kabisa. Kwenye simu yake palikuwa na Kijerumani kitupu, na kaka alinisomea maana yake: mama yetu mpendwa alipata usingizi usiku huu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za kijivu ambazo hata mwenye miwani angezikosa, paliandikwa kwamba hiyo ni tafsiri.

Nataka uelewe jambo hili, mama mwenzangu. Siku tatu kabla ya hapo mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika kwamba Mama halali usiku kwa maumivu, tumwombee. Wifi aliisoma hiyo. Mtandao uliifasiri sawasawa, maana mara hiyo nilimaanisha usingizi wenyewe. Alikuwa amemwombea. Asubuhi anaamka, anasoma kwamba mgonjwa hatimaye amelala, amepumzika, na kwamba tunamshukuru Mungu. Ungeandika nini wewe?

Kaka aliniambia jambo jingine lililonisumbua zaidi. Wajerumani nao wana msemo huohuo. Wana neno "entschlafen", ambalo huandikwa kwenye matangazo ya misiba na kwenye mawe ya makaburi, maana yake ni kulala katika mauti. Mashine ikachagua "geschlafen", ambalo ni kulala kitandani. Tofauti ni silabi ya mwanzo tu. Lugha hizi mbili zilikuwa zimeelewana tangu zamani, aliyekuwa katikati ndiye hakujua.

Nilipomsimulia mchungaji wetu, alicheka kwa huzuni, akaniambia nikasome tena Injili ya Yohana, sura ya 11. Yesu anawaambia wanafunzi wake kwamba Lazaro amelala, nao wanamjibu kwamba kama amelala basi atapona. Ikabidi awaambie waziwazi. Wanafunzi walikuwa wakitembea naye kila siku, tena kwa lugha moja. Tangu hapo hasira yangu juu ya mashine ilipungua, na ile niliyokuwa nayo juu ya nafsi yangu ikaongezeka.

Binti yangu mkubwa anasomea mambo ya kompyuta. Alipokuja likizo nilimkalisha anieleze ilikuwaje watu wawili watazame picha moja, ukurasa mmoja, na kila mmoja aone maneno yake. Nami nitakueleza kama nilivyoelewa.

Unapofungua mtandao wa kijamii, wenyewe huanza kukupima. Huangalia simu yako imewekwa katika lugha gani. Huangalia laini yako ni ya nchi gani, kwa kuwa namba zetu huanza na 255 na za Ujerumani huanza na 49. Huangalia intaneti unayotumia inatoka wapi, maana kila kifaa kikiingia mtandaoni hupewa anwani, na anwani hiyo huonyesha nchi, mara nyingi hata mji. Na ukiwa umeruhusu, husoma kile kipimo cha satelaiti kilichomo ndani ya simu, ambacho hujua umesimama wapi kwa umbali wa hatua chache. Kwa hayo yote huamua: huyu apewe vitufe vya Kiswahili, yule vya Kijerumani, huyu aonyeshwe habari za Tanga, yule za Bielefeld, na kilichoandikwa kwa lugha ambayo huyu haitumii, kigeuzwe hapohapo. Mitandao mingi hufanya hivyo bila kukuuliza. Wifi hakubonyeza chochote kuomba tafsiri.

Nilimuuliza binti ni kwa nini wanajisumbua hivyo. Akasema, "Mama, mwenye duka la vitenge Tanga hataki kumlipia tangazo mtu aliyeko Ujerumani." Nikaelewa. Kaka alipokuja msibani, simu yake iliendelea kusema Kijerumani kama alivyoiweka, lakini matangazo yalibadilika: vifurushi vya intaneti, viwanja vinauzwa, mabasi ya Arusha. Alipokuwa akikaa na wafiwa, simu ilikuwa imekwisha kumhesabu kuwa mteja wa huku.

Sisemi kwamba yote ni ya biashara. Mwaka 2009, Facebook ilipoanza kupatikana kwa Kiswahili, kazi kubwa ya kutafsiri ilifanywa na wasomi wa Kiswahili waliojitolea, kwa kibali cha kampuni. Waliona kwamba mtu asiyejua Kiingereza asiachwe nje. Nawashukuru, kwa sababu nisingeweza kuupata ukurasa wa wajukuu wa mama yangu kama kila kitufe kingekuwa cha Kiingereza. Na heshima nyingine ilidaiwa kwa nguvu. Kwa miaka mingi Twitter haikuitambua lugha yetu. Mtu aliandika Kiswahili safi, nayo ikadhani ni Kiindonesia. Hakika lugha hizo mbili zina maneno ya jamii moja yaliyotoka kwa Waarabu. Wao nao husema "dunia", na kamusi kwao ni "kamus". Lakini mtoto hawezi kuitwa kwa jina la jirani kila siku akanyamaza. Mwaka 2018 watumiaji wa Afrika Mashariki walipiga kelele kwa pamoja kwamba Kiswahili si Kiindonesia, na mwaka huohuo lugha yetu ikatambuliwa.

Kutambuliwa ni jambo moja, kueleweka ni jingine. Mashine ya kutafsiri haifundishwi sarufi kama tulivyofundishwa sisi kwa fimbo. Hulishwa mamilioni ya sentensi ambazo wanadamu walikwisha kuzitafsiri, ikalinganisha hii na hii mpaka ikapata mazoea. Za Kiingereza na Kijerumani ni nyingi mno. Za Kiswahili ni chache, na sehemu kubwa ni vitabu vya dini. Nilishangaa: kama imesoma Biblia kiasi hicho, mbona haikujua? Binti akasema katika Biblia pia watu wengi hulala usingizi tu. Tena kwa muda mrefu mashine nyingi hazikutoka Kiswahili kwenda Kijerumani moja kwa moja. Zilipitia Kiingereza, kama abiria anayebadilisha basi Chalinze, na mizigo mingine hubaki hapo. Mwaka 2020 Facebook ilitangaza mashine ya lugha 100 isiyolazimika kupita njia hiyo, na mwaka 2022 kampuni hiyo, iliyokwisha kujiita Meta, ikatangaza nyingine ya lugha 200. Tafsiri za sasa ni bora kuliko za mwaka ule. Lakini ninawaambia wanangu: bora si sahihi.

Makosa mengine ni ya kuchekesha. Siku moja nilimwandikia wifi, "Wifi yangu mpendwa, umeamkaje?" Mashine ikamletea salamu zinazohusu intaneti ya nyumbani isiyo na waya. Alicheka mpaka akampigia kaka simu kazini. Mengine hayachekeshi sana. Mama alipokuwa hospitali ya wilaya niliandika kwamba daktari amekuja na amesema hivi na hivi. Wifi alisoma habari za daktari mwanamume. Daktari wetu alikuwa mwanamke, mama kijana mwenye mimba kubwa aliyepanda ngazi usiku kumtazama Mama. Kiswahili hakikutaja jinsia, kwa kuwa hakina haja hiyo. Mashine ikaamua yenyewe nani anafaa kuwa daktari.

Kuna jambo ambalo sisi wenye watoto wa miaka kumi na mitatu, kumi na minne, tunapaswa kulijua. Vitufe kuwa vya Kiswahili haina maana kwamba walinzi wanajua Kiswahili. Mwaka 2021, Frances Haugen, aliyewahi kuwa mfanyakazi wa Facebook, alieleza mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kwamba ulinzi katika lugha nyingine ni sehemu ndogo sana ya ule uliopo kwa Kiingereza. Mtoto wa dada yangu alitukanwa na wanafunzi wenzake kwa maneno ya mtaani ya Kitanga. Tuliripoti, tukajibiwa kwa Kiswahili kizuri kwamba maneno hayo hayana kosa. Hapo tulimwendea mwalimu wa darasa, na jambo likaisha kwa siku mbili.

Binti alinionyesha mambo machache nikayafanya papo hapo, na kama una simu mkononi unaweza kuyafanya sasa. Niliingia kwenye mipangilio, sehemu ya lugha, nikazima ile tafsiri inayokuja yenyewe; sasa naona maandishi ya mtu kama alivyoyaandika, nami nikitaka tafsiri nabonyeza. Kisha tukaenda sehemu ya mahali nilipo. Nilikuta programu tisa zimeruhusiwa kujua nilipo wakati wote, mojawapo ikiwa ya tochi. Tochi! Ilitaka kujua niko wapi kwa sababu gani? Niliifuta. Nyingine niliziruhusu zijue wakati ninapozitumia tu. Picha za watoto siziandiki tena mahali tulipo mpaka tumeondoka hapo. Kaka naye alikumbuka kwamba siku ile ya mazishi aliweka picha pamoja na jina la Lushoto, na mji mzima wa Bielefeld ukajua kwamba kule mke yuko peke yake na watoto.

Lakini kosa lililonitesa halikuwa la mipangilio. Wazee wetu hawakupeleka habari ya msiba kwa tangazo. Walimtuma mtu. Alitembea, akafika, akaketi, akaombwa maji, na kwa jinsi alivyokuwa akisitasita mwenyeji alianza kuelewa kabla hajasema. Mimi nilikuwa na namba ya wifi. Hata kama tusingeelewana neno, angenisikia ninalia. Kilio hakina tafsiri mbili. Nilichagua kuandika kwa sababu niliona haya ya Kiingereza changu, kisha nikamhukumu yeye kwa Kijerumani chake.

Siku ya Jumatatu ya Pasaka nilifungua mtoto wa meza nikaitoa ile kadi. Nilimpigia wifi, kaka akiwa katikati kama mkalimani. Sikupata maneno ya maana, nilisema tu "pole" mara nyingi, naye akasema "pole" mara nyingi, na neno hilo hatukuhitaji kulifasiri. Shangazi ilinichukua muda mrefu zaidi kumweleza. Alisema, "Kwa hiyo ni simu iliyosema uongo?" Nikamwambia ndiyo, karibu hivyo. Akasema basi tuitupe.

Wifi sasa anajifunza Kiswahili kwa kitabu, na ananiandikia mwenyewe bila mashine. Makosa yake nayapenda. Aliwahi kuniandikia kwamba anapika "mchezo" na maharage.

Lipo moja ambalo mtandao haujalifikia. Mama alizoea kumtumia kaka ujumbe wa sauti, na kwa kuwa alikuwa mwenye kusema yaliyo moyoni kwa lugha ya nyumbani tu, zote ni za Kishambaa. Kaka amezihifadhi, ni kumi na nne. Nimetafuta Kishambaa katika orodha ya lugha kwenye simu yangu, hakimo. Chini ya sauti ya Mama hakuna kitufe chochote cha kubonyeza. Kwa hiyo Jumapili jioni kaka huketi na wanawe sebuleni, husikiliza kidogo, husimamisha, huwaeleza kwa Kijerumani, huendelea. Wifi huketi pembeni na daftari na penseli akiandika maneno kama anavyoyasikia. Mama anauliza kama huko kuna ng'ombe. Anasema maharage yamekomaa na mvua imegoma kuacha. Katika ujumbe wa tisa jogoo anawika nyuma ya sauti yake, karibu sana, kama vile amesimama mlangoni. Kaka anasema hapo ndipo yule mdogo huomba warudie.